Mtoto, Mtani na Ugomvi wa Wapendwa

Katika taaluma ya saikolojia ya familia, hali ya mtu kukwama baina ya wawili anaowapenda huelezwa kwa dhana ya pembetatu, iliyofafanuliwa na Murray Bowen (1913–1990), daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani. Bowen alieleza kwamba watu wawili wanapozidiwa na wasiwasi baina yao humvuta wa tatu ili awapunguzie mzigo, na kwamba nafuu hiyo haidumu, kwa kuwa ugomvi haukutatuliwa bali ulihamishiwa kwa asiyeuanzisha. Huyo wa tatu hupeleka maneno, hutunza siri zinazomlemea na hutakiwa aseme nani mwenye haki. Akimwitikia mmoja, hujiona amemsaliti mwingine. Hali hii ni mgongano wa utii, yaani kudaiwa uaminifu na pande mbili kwa wakati mmoja.

Mila za Unyamwezi, mkoani Tabora, zinaonyesha kwamba mgongano huo hautokani na udhaifu wa nafsi peke yake. Kwa desturi ya Wanyamwezi, mahari, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ng'ombe, ndiyo iliyoamua ukoo wa mtoto: ilipotolewa, watoto walihesabiwa upande wa baba, isipotolewa, walikuwa wa upande wa mama, mpaka baba alipowakomboa kwa malipo. Mtoto aliyewapenda wazazi wote wawili aliweza hivyo kujikuta katikati ya deni la watu wazima, ambalo hakulikopa wala hakuwa na uwezo wa kulilipa.

Hata hivyo, jamii hiyo hiyo ilikuwa na mtu wa kati wa namna nyingine, naye ni mtani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walipita katika nchi za watu wengi, na utani wao na makabila ya njia hiyo, wakiwemo Wazaramo, huhusishwa na safari hizo. Mtani huweza kumkemea mkubwa, kuwachekesha wafiwa na kutamka lililowashinda ndugu, wala hakasirikiwi, kwa sababu anaaminiwa na nyumba nzima ilhali hana fungu katika mali wala katika ukoo unaogombaniwa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imekaribiana na hekima hiyo. Kifungu cha 101 kinataka, kwa kawaida, mgogoro ufikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya ombi la talaka kupelekwa mahakamani. Na kifungu cha 125, kinachohusu malezi, kinatanguliza ustawi wa mtoto na kutaka matakwa yake yazingatiwe iwapo umri wake unamwezesha kutoa maoni huru. Kumsikiliza mtoto anataka kuishi wapi ni kumheshimu. Kumtaka aamue nani kati ya wazazi wake amekosa ni kumtwisha kazi ya baraza.

Kwa aliyekwisha kuvutwa katikati, Bowen alishauri adumishe uhusiano wake na kila upande, mmoja mmoja, bila kubeba ujumbe wa huyu kwenda kwa yule. Kwa mtu mzima, jibu la "mwambie mwenyewe" linatosha kuanza. Mtoto hana nguvu ya kulitamka mbele ya baba au mama, na kwa hiyo ni wajibu wa wakubwa kumtafuta mtani, mzee au baraza kabla neno la kwanza la ugomvi halijapitishwa kinywani mwake.