Trekta kuukuu ikikataa kuinua plau, usikimbilie kununua pampu

MSIMU wa kulima unapowadia katika maeneo ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, hakuna jambo linalomkera mwenye trekta kuliko kuvuta wenzo wa kuinulia plau, kisha plau ikabaki pale pale ardhini. Injini yanguruma, magurudumu yazunguka, lakini kazi imesimama. Mahindi huko hupandwa mara moja tu kwa mwaka, na mvua za Machi na Aprili hazimsubiri yeyote. Siku 10 zinazopotea gereji ni pigo kwa mwenye trekta na kwa majirani waliokuwa wakitegemea awalimie.

Aghalabu trekta zenyewe ni za zamani. Massey Ferguson 135, mathalani, ilianza kuundwa jijini Coventry, Uingereza, mwaka wa 1964, na hadi leo zipo zinazolima mashamba yetu. Wauzaji wa trekta nao huja na kuondoka. Kampuni ya CMC Motors, ambayo kwa miaka mingi iliuza New Holland, ilitangaza Januari 2024 kwamba inafunga biashara yake Afrika Mashariki. Ndiposa mwenye trekta kuukuu hujikuta mikononi mwa fundi wa jua kali. Wengi wao ni hodari. Hasara hutokea pampu inapohukumiwa kabla ya kuchunguzwa.

Ni muhimu kufahamu jinsi mfumo huu unavyofanya kazi. Katika Massey Ferguson 135, pampu ya haidroliki imezama ndani ya oili, katikati ya mwili wa trekta, na oili hiyo ndiyo hiyo inayotumiwa na giaboksi na difu. Pampu huzungushwa na shafti ya PTO, ile inayoendesha mashine zinazofungwa nyuma. Kwa sababu hiyo, wenzo wa PTO ukiwa katikati, pampu hailali wala haiamki: haizunguki kabisa. Vivyo hivyo, kwenye trekta zenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga klachi hadi mwisho, haidroliki husimama. Kuna watu ambao wameita fundi kutoka mbali kuja kusukuma wenzo mmoja tu.

Hatua inayofuata ni kupima oili. Ikiwa imepungua, pampu huvuta hewa. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, basi imeingia maji, na mara nyingi maji hayo hupitia kwenye kipira kilichopasuka chini ya wenzo wa gia, hasa trekta inapolala nje mvuani. Kipira hicho ni cha bei ndogo, ila madhara yake ni makubwa: maji huleta kutu, na kutu hukwamisha vali inayodhibiti oili inayoingia kwenye pampu. Trekta iliyoegeshwa miezi kadhaa ikakataa kuinua, au ikainua na kukataa kushusha, mshuku wa kwanza ni vali hiyo. Fundi mjuzi hufungua kifuniko cha ubavuni na kuichezesha taratibu hadi iachie, kisha oili chafu humwagwa na kuwekwa mpya ya trekta, iliyopendekezwa na muundaji. Kuongeza oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ni kuua pampu polepole.

Plau inayoinuka lakini haitulii hutoa ushahidi mwingine. Inua plau, zima injini, utazame ukiwa mbali kidogo. Ikishuka upesi, oili inavuja mahali fulani, aghalabu kwenye ringi ya pistoni ya kuinulia au vipira vya bomba linaloipelekea oili. Injini ikiwa inanguruma, uvujaji huo huonekana kwa namna nyingine: mikono ya trekta hupanda na kushuka yenyewe, kama mjusi anayetikisa kichwa ukutani. Nayo trekta inayoinua vizuri asubuhi ikalegea adhuhuri ina sehemu zilizolika. Oili ikipata joto huwa nyepesi na kupenya kwa urahisi zaidi.

Tahadhari hapa si ya mzaha. Usiingie chini ya plau iliyoinuliwa na haidroliki pekee, na usitafute tundu la uvujaji kwa kidole. Msukumo wa oili hiyo unaweza kupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano huhitaji hospitali siku hiyo hiyo. Tumia kipande cha katoni.

Sasa, fundi apatikane wapi? Anza kwa mwenye trekta kama yako ambayo inalima bila matatizo, umuulize nani huishughulikia. Mafundi waliofanya kazi katika mashamba makubwa huzijua trekta hizi kwa undani, na serikali za kaunti, ambazo zilikabidhiwa kilimo baada ya ugatuzi wa 2013, zina maafisa wa kilimo wanaoweza kukuelekeza. Msikilize fundi kabla hajashika spana. Anayeuliza hali ya oili, lini tatizo lilianza na iwapo ni wakati wa baridi au joto, huyo mpe kazi. Anayetaja bei ya pampu kabla ya kuchomoa kijiti cha kupimia oili, mshukuru na umwage.

Iwapo pampu kweli imekwisha, kifuniko kizito kilicho chini ya kiti itabidi kiondolewe, kazi isiyo ya mtu mmoja. Kuwepo inapofunguliwa, na udai vipuri vya zamani. Ukienda kununua, iwe Eldoret, Nakuru au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, beba pampu yenyewe pamoja na nambari iliyo kwenye kibao cha trekta. Pampu za trekta hizi hufanana kwa macho, lakini zipo zinazoingia kwenye shafti ya meno 10 na nyingine ya meno 21, na muuzaji aliye na haraka hatakuhesabia.

Malipo ya mwisho yatolewe shambani, plau ikiwa imefungwa na oili imepata joto. Takriban kila trekta huinua vizuri uani mwa gereji.