Nairobi hadi New York: Dunia Haifupishi Safari

Njia fupi ya anga kati ya Nairobi na New York ina urefu wa takriban kilomita 11,800. Ndege isiyotua njiani hutumia karibu saa 15 kwenda na karibu saa 14 kurudi. Hata hivyo swali ni lilelile kila mara: kwa nini kwenye tiketi kwenda huonekana ni saa 7 na kurudi ni saa 22? Jibu linalozagaa mitaani, na hata madarasani, ni kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo New York huja kuilaki ndege, na wakati wa kurudi Nairobi huikimbia. Jibu hilo ni potofu kabisa.

Saa 7 hizo hazipo, wala 22. Wakati wa baridi Marekani, ndege inayoondoka Nairobi saa 5 usiku hutua New York saa 12 asubuhi, na Nairobi kwa wakati huo ni saa 8 mchana. Saa 15 zimepita; 8 kati yake zimemezwa na tofauti ya saa za miji hiyo miwili. Ikiondoka New York saa 6 mchana, hutua Nairobi saa 4 asubuhi kesho yake, na saa 8 zilezile huonekana kuongezeka.

Ama huo mzunguko wa dunia, kwenye ikweta ardhi husogea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kama ndege ingeachwa nyuma, helikopta iliyoelea juu ya Nairobi kwa saa moja ingejikuta Congo, imeshaipita Kisangani. Haitokei, kwa sababu ndege huruka ikiwa tayari na mwendo wa ardhi, na hewa inamopita nayo huzunguka pamoja na dunia. Ushahidi uko jirani: Nairobi na Entebbe ziko karibu na ikweta, ambako mwendo huo ni mkubwa kuliko kokote, lakini ndege hutumia kama saa moja kwenda na kama saa moja kurudi. Tena, dhana hiyo ingetaka safari ya magharibi iwe fupi, ilhali ndiyo ndefu.

Kinachoirefusha ni upepo. Katika anga za juu za Marekani, Atlantiki na Ulaya, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, mikondo mikali huvuma kuelekea mashariki, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua kama saa 7. Usiku ule kulikuwa na dhoruba iliyouzidishia upepo nguvu. Mzunguko wa dunia ulikuwa uleule.

Kwa msafiri: Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018; ukipitia Doha, Dubai, Addis Ababa au Amsterdam, aghalabu ni saa 20 au zaidi. Tiketi huonyesha saa za mji husika, na 23:00 ni saa 5 usiku. Tofauti ni saa 8, au 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Saa zote mbili zigeuzwe kuwa za mji mmoja kwanza, ndipo hesabu ifanywe.