Mwanao akiokota sarafu ya Mjerumani, usikimbilie ndimu na majivu

Nilikuwa darasa la tano, likizo ya Juni, kwa bibi yangu Handeni. Tulikuwa tunapalilia mihogo jembe likagonga kitu. Nikakiokota: kiduara kidogo cha shaba, kimeota ukijani, upande mmoja kama kuna taji.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikachukua ndimu, majivu na mchanga, nikasugua hadi jioni. Kilipong'aa kama kipya nikampelekea bibi kwa majivuno. Alikigeuzageuza, akasema taratibu, "Umeifuta, mjukuu wangu."

Shule zilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wa historia. Alitafuta mwaka uliochapwa pale, hakuuona. Niliusugua wote.

Siku hizi najua kwamba siku ile nilipona. Ningeweza kuokota kitu kibaya zaidi, na bado ningekipeleka nyuma ya jiko na kukigonga.

Kwa nini ardhi hii ina vyuma

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Kabla yake misafara ya biashara ilipita bonde la mto Pangani. Halafu vita: Juni 1916, majeshi ya Waingereza yaliteremka kufuata reli na mto, yakaiteka Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Kila waliopita waliacha vitu: sarafu, vifungo, misumari ya reli, maganda ya risasi, na pengine risasi nzima.

Sasa zipo mashine za kutafuta dhahabu, ambazo wachimbaji wadogo wa Handeni na Kilindi wanaziita ditekta. Zinalia zikikaribia dhahabu, lakini hulia pia zikikaribia msumari, kopo au bomu. Baba anatembea na mashine, watoto wanamfuata nyuma na jembe. Mlio ukisikika, wanaofukua ni watoto.

Swali la kwanza si bei

Novemba 2017, wilayani Ngara mkoani Kagera, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga aliokota bomu la kutupa kwa mkono akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lililipukia shuleni. Wanafunzi watano walifariki na makumi wakajeruhiwa.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujauliza thamani ya kitu, uliza kama ni salama. Wafundishe watoto kuwa na shaka na:

• chuma chenye umbo la chupa au ncha ya risasi kubwa, hasa chenye pete ya shaba kiunoni;
• chuma kama nanasi dogo au yai, chenye pini au kishikio;
• chuma chenye mapezi kama mkia wa samaki;
• risasi yoyote ambayo kichwa chake bado kipo.

Umri haukipunguzii hatari. Baruti ya miaka mia moja bado inaweza kulipuka. Usikiguse, usikisogeze, usikichome moto, usikipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Rudi kwa njia uliyoijia, weka alama kwa mbali, zuia watoto, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au piga simu polisi namba 112.

Na ukisikia habari za "zebaki nyekundu" iliyofichwa ndani ya mabomu ya Wajerumani, fahamu kwamba hakuna kitu hicho. Ni utapeli, na anayepasua bomu kuitafuta anahatarisha nyumba nzima.

Kuitambua sarafu

Ukishajiridhisha kwamba ni sarafu, itazame kwenye mwanga wa jua ukiiinamisha kidogo, au ipige picha kwa simu uikuze. Herufi zilizofifia huonekana vizuri mwanga ukitokea ubavuni.

Sarafu za Wajerumani huandikwa "Deutsch Ostafrika", na nyingine kwa kifupi D.O.A. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Kabla ya hapo ilikuwa pesa 64. Rupia za fedha zina kichwa cha Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma. Tafuta pia herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora, ambako Wajerumani walitengeneza sarafu wenyewe mwaka 1916 baada ya vita kuwafungia njia ya baharini.

Tundu la katikati lisikudanganye. Heller 5 na heller 10 za miaka ya mwisho zilikuwa na tundu, lakini hata senti za Waingereza zilizofuata zilikuwa nalo. Hizo zimeandikwa "East Africa" na jina la mfalme.

Kusafisha bila kuharibu

Ule ukijani au ukahawia ulioshika vizuri kwenye shaba si uchafu. Ni ngozi inayoikinga. Ndimu, siki na ukwaju ni asidi, vinaila ngozi hiyo. Majivu na mchanga vinakwangua maandishi. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani yake kwa wakusanyaji, hata ikimetameta.

Fanya hivi. Loweka sarafu kwenye maji safi ya mvua, badilisha maji kila siku mpaka udongo ulainike. Ondoa matope kwa kijiti cha kuchokolea meno, usitumie sindano wala brashi ya waya. Ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini bila kuisugua. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, pakavu, na uandike juu yake ilipopatikana na tarehe. Kitu cha chuma usikiloweke, kitazidi kupata kutu. Kikaushe na uondoe udongo kwa brashi laini.

Usitumie tindikali ya betri hata kidogo. Inaunguza ngozi na macho. Na usichanganye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na siki au ndimu, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Afya ya mtoto

Kiswahili kinaita risasi na madini ya risasi kwa jina moja, na kweli vichwa vya risasi nyingi vina madini hayo. Mtoto asivichezee, na asiviyeyushe kutengeneza uzito wa ndoana. Madini ya risasi huathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Akijikata na chuma cha ardhini, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mpeleke kituo cha afya ukiwa na kadi yake ya chanjo. Pepopunda haitokani na kutu yenyewe. Inatokana na vijidudu vinavyoishi kwenye udongo, kwa hiyo hata mwiba unaweza kuileta.

Mdogo akimeza sarafu, usimtapishe. Mpeleke hospitali, na uharakishe zaidi akitokwa mate, akishindwa kumeza au kupumua kwa shida.

Sheria nayo ipo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na hairuhusu kuchimba kuvitafuta bila kibali. Heller ni changa kuliko hapo, lakini shanga, vyungu na sarafu za enzi za misafara vinaweza kuingia. Ukikuta vitu vingi pamoja, acha kuchimba na umwone ofisa utamaduni wa wilaya.

Ile sarafu yangu ninayo mpaka leo, nyororo kama kifungo cha shati. Kutokana na heller tulipata neno "hela". Nikiwaonyesha watoto wa dada yangu nawaambia hii ni hela ya kwanza kabisa, halafu wananiuliza ni ya mwaka gani. Siwezi kuwajibu.