Safari ya Nyumba ya Magurudumu katika Visiwa vya Mchanga

Huko Marekani wako watu wengi ambao wakienda kutembea hawalali hotelini, bali huchukua nyumba yao pamoja nao. Nyumba hiyo ni motokaa kubwa kama basi, na ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, choo, na matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyokwisha kuosha vyombo, na la choo. Jioni hupiga kambi katika kiwanja cha kulipia, na kabla ya kuondoka hujaza tangi la kwanza na kumwaga yale mawili mahali palipowekwa. (Kazi ya kumwaga hupewa mgeni, na mgeni nilikuwa mimi.)

Kwa gari la namna hii nalisafiri siku kumi pamoja na jamaa walionikaribisha, tukishuka polepole kutoka kaskazini kwenda kusini katika visiwa viitwavyo Outer Banks, jimbo la North Carolina. Katika ramani visiwa hivi ni kama uzi mwembamba. Mashariki ni bahari ya Atlantiki. Magharibi ni maji mapana yasiyo na kina kirefu, nayo huitwa Pamlico Sound. Katikati hupita barabara moja, namba 12.

Yafaa msomaji aliyezoea visiwa vya ziwa letu ajue kwamba hivi si vya mwamba. Ni mchanga mtupu, na vinahama. Ikija tufani, mawimbi huchukua mchanga wa upande wa bahari na kuumwaga upande wa pili. Hivyo kisiwa hupungua mbele na kuongezeka nyuma, kikisogea kidogo kidogo kuelekea bara. Pengine tufani hukikata vipande viwili. Mlango wa bahari uitwao Oregon Inlet ulifunguliwa na tufani mwaka 1846, na tangu hapo umesogea zaidi ya maili mbili kwenda kusini. Tuliuvuka kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2019, ambalo wahandisi walilijenga wakijua kwamba mlango utahama tena.

Kabla ya daraja hilo tulisimama Kill Devil Hills, ambapo ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliruka kwa eropleni tarehe 17 Desemba 1903. Walipachagua kwa sababu ya upepo mwingi na mchanga laini wa kuangukia. Safari ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12 na futi 120. Niliipima kwa miguu: hatua zangu hazikufika hamsini.

Lakini mahali palipoushika moyo wangu ni Pea Island, ambapo leo ni hifadhi ya ndege. Zamani palikuwa na kituo cha waokoaji wa watu waliovunjikiwa na meli. Mwaka 1880 mkuu wa kituo aliwekwa Richard Etheridge, Mwafrika aliyezaliwa mtumwa mwaka 1842, na watu wake wote wakawa weusi kama yeye. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1896 jahazi E.S. Newman lilikwama karibu na pwani katika tufani kali. Maji yalikuwa yamefunika ufuo, hata vyombo vya kurushia kamba havikuweza kusimikwa. Etheridge akaamuru watu wawili wafungwe pamoja kwa kamba waogelee mpaka jahazini. Walimleta mtu mmoja, wakapokewa na wawili wengine, na hivyo hivyo mpaka watu wote tisa wakafika nchi kavu, mmoja wao mtoto mdogo wa nahodha. Serikali iliwapa nishani ya dhahabu mwaka 1996, wote wamekwisha kufa. Miongoni mwa walioandika barua kudai haki hiyo alikuwamo msichana wa shule. Kijumba cha jiko cha kituo chao kimehamishiwa mji wa Manteo, nacho ni makumbusho yao.

Katika visiwa hivi kinachosalia ni kile kilichokubali kuhamishwa. Kijijini Rodanthe nyumba za watu zimesimama ndani ya maji juu ya nguzo zake, na tangu mwaka 2020 zaidi ya kumi katika pwani hiyo zimeanguka. Niliuliza mbona hawajengi kuta za mawe. Nikaambiwa kwamba kwa kawaida sheria ya jimbo haikubali, kwani wimbi likigonga ukuta hurudi na mchanga, na jirani hupotewa na ufuo wake. Naiona ni sheria ya haki, ingawa si mimi ninayepoteza nyumba.

Mnara wa taa wa Cape Hatteras ulikuwa na bahati njema zaidi. Ulipojengwa mwaka 1870 ulikuwa futi 1,500 kutoka baharini. Mwaka 1970 zilibaki 120. Basi mwaka 1999 waliukata kwenye msingi wake, wakauinua kwa jeki, wakausukuma juu ya reli za chuma kwa siku 23 hata ukafika futi 2,900 kutoka mahali pake. Uzito wake ni kama tani 4,800, na haukuanguka.

Kutoka Hatteras tulipanda feri, gari na yote, bila nauli, tukafika Ocracoke kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Hapo karibu ndipo alipouawa haramia Blackbeard mwaka 1718. Kijiji ni kidogo, na watu hutembea kwa baiskeli. Septemba 2019 tufani Dorian ilikijaza maji. Muuza samaki mmoja alinionyesha alama ya kalamu ukutani, iliyonifika kifuani. Nyumba yake ameiinua juu ya nguzo, duka bado. Nilimwuliza kama atahamia bara. Akasema wazazi wake wamezikwa pale, kisha akaniuliza nataka samaki wawili au watatu.