"Sheria ya Obama": ni nani kweli aliitunga?



Munakumbuka wakati madini yetu yalikosa wanunuzi. Huku Kivu tulisema ni "Sheria ya Obama". Hata mkulima asiyechimba aliumia. Ndege zilizotoka Goma kwenda Walikale zilibeba chakula na bidhaa, zikarudi na kasiteriti ya Bisie. Mchimbaji akikosa feza, maharagi na unga wa mihogo vinalala sokoni. Basi inafaa tujue ile sheria ilitoka wapi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kufunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, toka Septemba 2010 mpaka Machi 2011, ilikuwa amri ya Rais Joseph Kabila, wa hapa kwetu. Sheria ya Marekani haikufunga shimo hata moja. Iliagiza makampuni yanayosimamiwa na tume ya masoko ya hisa yachunguze kama kasiteriti, koltani, wolframiti au dhahabu wanayotumia inatoka Kongo ao nchi jirani, na kama inalisha makundi yenye silaha. Wanunuzi wengi waliona afadhali waache kabisa madini ya huku.

Bunge linatunga. Obama alitia sahihi tu, tarehe 21 Julai 2010. Sheria yenyewe, inayoitwa Dodd-Frank, ilihusu mabenki, juu ya mabenki yao yaliyumba mwaka 2008. Habari ya madini ya Kongo iliingizwa ndani kama kipengele 1502. Kule sheria inapita kwanza kwa Baraza la Wawakilishi, lenye watu 435, na Seneti, yenye watu 100. Kati ya waliosukuma kipengele hiki walikuwa maseneta Sam Brownback na Russ Feingold, ambao hata chama chao si kimoja.

Vikundi vinasukuma. Seneta wa Kansas haamki asubuhi akiwaza Walikale. Kuna watu walimpelekea habari. Mashirika kama Enough Project yaliwaeleza wabunge juu ya vita na ubakaji huku kwetu, yakakusanya raia wao wadai sheria. Makampuni nayo yana watu wao, wanaolipwa kufuata wabunge ofisini. Katiba yao inampa kila raia haki ya kupeleka ombi lake kwa serikali.

Tume inaandika kanuni. Sheria iliachia ile tume ya masoko ya hisa kazi ya kusema itatekelezwa namna gani. Tume ilipiga kura tarehe 22 Agosti 2012: watatu walikubali, wawili walikataa. Ingebadilika kura moja tu, kanuni ile isingepita.

Mahakama inapima. Chama cha wenye viwanda, National Association of Manufacturers, pamoja na wenzao, walishtaki tume. Aprili 2014 mahakama ya rufaa iliacha sehemu kubwa ya kanuni isimame. Lakini ilisema kulazimisha kampuni itangaze yenyewe kwamba bidhaa zake hazijathibitishwa kuwa safi na vita kunavunja uhuru wa kusema.

Mwaka 2017 upepo uligeuka. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kufuta kipengele 1502, lakini Seneti haikuupitisha, basi kipengele kikabaki. Tazameni: upande mmoja peke yake haukuweza kujenga, wala haukuweza kubomoa.

Na sisi tulikuwa wapi? Wenye viwanda walikuwa na sauti, na watetezi wa haki pia. Wako Wakongo waliosikilizwa. Lakini mama anayeuzia wachimbaji maharagi, nani alipeleka hesabu yake? Sheria ilitungwa kwa nia ya kumlinda, lakini hasara ya sokoni ilimfikia.

Koperative nayo ni kikundi chenye masilahi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata vidole kumi vinahitaji kujua chawa iko wapi. Tukisema tu "ni Leta" ao "ni Wamarekani", hatujui mlango wa kubisha. Andikeni kila mwezi magunia mliyouza, bei, na njia iliyofungwa. Siku depite, gavana ao mgeni wa shirika akiuliza, muwe na karatasi mkononi.

Kwa mkutano ujao, chukueni kodi ao kizuizi kimoja kinachowasumbua, mjiulize:

1. Nani alikiandika: bunge, gavana, ao ni mtu tu barabarani?
2. Nani anakitekeleza, na nani anaweza kukisimamisha?
3. Nani alisemea upande wake kabla hakijapita?
4. Upande wetu utasemewa na nani, na kwa hesabu gani?