Taarifa za Mkopo Wako Zinapounganishwa

Taarifa za mikopo yako hazitoki mahali pamoja. Benki na vyama vya akiba na mikopo hupeleka kumbukumbu zao kwa taasisi ya taarifa za mikopo, na programu maalumu huziunganisha kwa jina na namba ya kitambulisho. Kanuni moja ya uunganishaji ikibadilishwa kimakosa, deni ulilokwisha kulilipa laweza kuonekana kana kwamba bado unadaiwa.

Kwa sababu hiyo, mafundi makini hutunza matoleo yote ya programu hizo: kila badiliko huandikiwa tarehe, aliyelifanya na sababu yake. Kosa likigunduliwa, hurejea toleo la awali. Hata hivyo, taarifa zilizokwisha kuharibika hazisahihishwi kwa hatua hiyo pekee. Ni lazima ziunganishwe upya.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe. Tunakushauri:

1. Hifadhi risiti na barua ya kumaliza mkopo.
2. Omba ripoti yako, uandike tarehe uliyoipokea.
3. Lalamika kwa maandishi kwa mkopeshaji na kwa taasisi hiyo.
4. Omba ripoti mpya, uilinganishe na ya kwanza.

Usiitupe ripoti ya kwanza. Ndiyo ushahidi wako.