Bustani ya Mji Haihitaji Mzinga

Kila bustani ya umma inapotengenezwa Meru au Embu, kamati huja na swali lile lile: "Tuweke mizinga mingapi ili nyuki waje?" Sifuri. Naomba lisiulizwe tena.

Nyuki wa asali hapa ni mwenyeji. Meru mjini iko ubavuni mwa Msitu wa Imenti, Embu mjini jirani na ule wa Njukiri. Haletwi na mtu. Ukimwekea mzinga umeongeza maelfu ya midomo bila kuongeza ua hata moja. Tena huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula: kundi lako litashinda kwenye kahawa na makadamia za watu, jioni lirudi kulala kando ya bembea za watoto. Na ni mkali. Jamaa zake walipelekwa Brazil mwaka 1956, mwaka uliofuata wakatoroka, na hadi leo Marekani wanaitwa nyuki wauaji.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani nyuki ni huyo mmoja tu. Dunia ina zaidi ya aina 20,000, na wengi hawatengenezi asali. Kwa wengi wao kila jike huishi peke yake, mara nyingi kwenye kishimo ardhini. Tazama ua la biringanya. Chavua imefungiwa ndani ya vifuko vya manjano vyenye kitundu kidogo nchani. Nyuki wa asali hana mbinu ya kuitoa. Nyuki seremala, yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao za paa, hulikumbatia ua, akavuma na kulitikisa, chavua ikammwagikia tumboni. Nyanya na managu nazo hufaidika hivyo hivyo. Pasheni humtegemea pia, kwa sababu nyuki mdogo hupita chini ya chavua bila kuigusa. Huyo seremala ndiye mnayempulizia dawa.

Mpande nini? Muringa na mukinduri kwa kivuli. Kaliandra ukingoni, ikatwe kwa zamu. Mrihani, alizeti, mitoo iachwe ichanue. Changanyeni ili maua yasikosekane Julai hadi Septemba. Bogenvilia na waridi za petali nyingi ni pambo, hazishibishi mdudu. Lantana msipande hata mkipewa bure, itavamia. Acheni kipande cha udongo mtupu penye jua, bila saruji wala nyasi, na gogo kavu karibu. Maua yasinyunyiziwe dawa.

Na kama mzinga mmeshaununua, upelekeni kwenye shamba la makadamia, mbali na watu. Huko una kazi.